Asilipie Mto

Kazi yangu yote imekuwa kulaza wageni kando ya Mto Voi: uwanja wa mahema, bweni la vitanda vya ghorofa, na jiko la kuwapikia wanafunzi na wasafiri wasio na pesa nyingi. Sasa naiuza biashara hii, na nimeshikilia jambo ambalo madalali hawalipendi: mnunuzi asilipie mto. Kwanza, mto si mali yangu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na kanuni za maji za 2007 zilitenga ukanda wa mita 6 hadi 30 ukingoni kulingana na upana wa mto. Pili, huu ni mto wa msimu. Hushuka kutoka Milima ya Taita mvua ikinyesha, ukaelekea Bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Kati ya Julai na Oktoba, wanyama wanapokusanyika kwenye maji na wageni kuongezeka, mbele ya mahema huwa kuna mchanga. Maji ya kuoga ni ya bomba, yanayotoka Chemchemi za Mzima, na bomba likikauka ni matangi yanayotuokoa. Kwa hiyo ukubwa wa matangi una thamani kuliko urefu wa ukingo.

Nitaambiwa kwamba bila mto hakuna mgeni angeacha barabara ya Mombasa. Sikubali. Mgeni huja kwa sababu ya mbuga iliyotengwa 1948, ambayo lango lake liko karibu na mji, na tangu 2017 treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa inasimama Voi. Mto humpa kivuli cha migunga, nami nakithamini sana kivuli hicho. Lakini ukanda huo huo wa kijani ndio njia ya ndovu, na uzio wa umeme unagharimu kila mwezi. Wengine husema ardhi haishuki bei. Huenda ni kweli kwa anayetaka kukata miti na kuuza viwanja. Katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo mbugani, kipande kilichobaki kinagombewa na mkulima, mfugaji na ndovu, na kukigeuza kuwa viwanja ni kuwaondolea wote watatu nafasi.

Ninachouza hasa ni shule zinazorudi kila mwaka, na wapishi na walinzi wa Sagalla na Mwatate wanaoijua kazi. Ajira yao naitaka iandikwe kwenye mkataba. Raia wa kigeni atapata ukodishaji usiozidi miaka 99, kama kifungu cha 65 cha Katiba kinavyosema. Vitabu vya hesabu viko wazi, na mwaka 2020, korona ilipofunga mabweni, umo ndani ya wastani niliotumia kupanga bei.