Mama alipoomba pasipoti akiwa na miaka 66

Mama alikuwa anachambua mchele jioni ya Jumapili, sinia mapajani, miwani puani. Bila kuinua uso akaniuliza, "Hivi pasipoti siku hizi ni shilingi ngapi?"

Nilidhani anamuulizia mtu wa kanisani. Nikamjibu Sh150,000, nikarudi kwenye simu yangu.

"Basi unijazie hizo fomu. Nataka kwenda kuona Victoria."

"Victoria ipo Mwanza, mama. Haihitaji pasipoti."

"Maporomoko, wewe! Nimeyafundisha miaka 36, sijawahi kuyaona."

Nilicheka. Makala haya nayaandika kwa sababu ya kicheko kile, ambacho mpaka leo nakionea aibu.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Somo lake lilikuwa jiografia. Alikuwa na uwezo wa kuchora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu, kuanzia Tunisia akashuka mpaka Rasi ya Tumaini Jema, kisha akapanda na pwani yetu mpaka pembe ya Somalia. Wanafunzi wake wengine ni marubani sasa. Yeye mwenyewe, hadi jioni ile, alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa Tanzania hata kwa hatua moja.

Nilipomaliza kucheka nikaanza hotuba. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo sababu za kumzuia mtu wa miaka 66 asisafiri ninazo tayari kama chenji ya daladala. Nikamkumbusha presha yake. Nikamkumbusha magoti. Nikamuuliza, ukiugua njiani itakuwaje? Ukidondoka bafuni ugenini, nani atakuinua? Nikamalizia na sentensi ambayo wengi wetu tunawaambia wazazi wetu tukidhani ni upendo: "Mama, umri huu ni wa kupumzika."

Hakunijibu. Aliweka sinia chini, akaingia chumbani, akatoka na kijitabu alichokuwa amekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa pasipoti ya marehemu baba.

Baba na mama walikuwa na neno lao moja: "tukistaafu". Tukistaafu tutapanda garimoshi la TAZARA mpaka Zambia. Wote wawili walikulia Makambako, na walikuwa vijana wadogo wakati reli ile inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975. Waliwaona Wachina na Watanzania wakilaza mataruma, na wakajiwekea ahadi kwamba siku moja wataifuata mpaka inapoishia. Lakini kwanza nyumba iezekwe. Kwanza deni la benki liishe. Kwanza mtoto wa mwisho amalize chuo kikuu.

Mtoto wa mwisho ni mimi.

Baba alistaafu akiwa na miaka 60. Miaka miwili baadaye moyo wake ukaanza kusumbua. Madaktari wakashauri apelekwe India, ndugu wakachanga, pasipoti ikatoka. Alifariki dunia siku tisa kabla ya safari. Nilikifungua kijitabu kile mbele ya mama, nikakipekua ukurasa kwa ukurasa. Hakina muhuri hata mmoja.

"Mwanangu," mama akasema, "sitaki pasipoti yangu ya kwanza iwe ya kwenda hospitali."

Katika kazi yangu nimekutana na wazee wengi ambao safari yao ya kwanza nje ya nchi ilikuwa ya matibabu. Mtu amelima, amesomesha, amejenga, halafu siku anayopanda ndege kwa mara ya kwanza anapandishwa na kiti cha magurudumu. Hapo hakuna ndugu anayesema mzee amechelewa kusafiri. Harambee inaitishwa na fedha inapatikana. Lakini mzee yuleyule akisema anataka kwenda kutembea tu, kuona, tunamuuliza kama yuko sawa kichwani.

Wenzetu Waislamu wametutangulia katika hili. Jirani yetu mmoja alidunduliza fedha za maandazi kwa miaka mingi, akaenda Hija akiwa na miaka 71. Mtaa mzima ulitoka kumuaga. Sikumsikia mtu hata mmoja akimwambia magoti yake yamechoka. Safari yake ilikuwa na heshima machoni petu, kwa hiyo umri haukuwa hoja. Ya mama tuliiona ni anasa, ndiyo maana umri ukawa hoja.

Siku tatu baadaye nilimpeleka mama kwa daktari anayemtibu presha. Nakiri nilitegemea daktari anisaidie kukataa. Daktari hakuuliza hata mara moja kama mama ni mzee mno. Aliuliza kama anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema. Kama anaweza kuzunguka soko zima na kikapu. Kama presha imetulia miezi mitatu iliyopita na dawa anakunywa kila siku. Majibu yalikuwa ndiyo, ndiyo, na ndiyo.

"Basi mwache aende," akaniambia mimi, si mama. "Ila aende kwa mpango."

Mpango wenyewe nauweka hapa kwa faida ya msomaji mwenye mzazi kama wangu.

Dawa za kila siku zibebwe za kutosha siku zote za safari, na za ziada za wiki moja, endapo kurudi kutachelewa. Zigawanywe kwenye mikoba miwili, mmoja usitoke mkononi. Zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si jina la kampuni, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina tofauti katika nchi tofauti. Anayetumia insulini na anasafiri kwa ndege asiiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, maana inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika.

La pili ni miguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa kitini zaidi ya saa nne bila kujinyoosha, iwe kwenye ndege, treni, basi au gari, huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Uwezekano wenyewe bado ni mdogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini kinga yake haina gharama: simama na utembee mara kwa mara, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji ya kutosha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hata siku kadhaa baada ya safari, nenda hospitali bila kusubiri.

La tatu ni chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Lakini kwa anayechanjwa mara ya kwanza akiwa amefikisha miaka 60 au zaidi, daktari hupima kwanza faida na hatari, kwa kuwa madhara makubwa, ingawa ni ya nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo. Kwa hiyo wasiachie mpaka wiki ya safari. Mama alipimwa, akaruhusiwa, akachanjwa mwezi mzima kabla.

Tulipotoka kwa daktari sababu zangu zote zilikuwa zimeisha. Fedha pia haikuwa tatizo: mama na walimu wenzake wawili wastaafu walikuwa wakiweka Sh50,000 kila mwezi kwenye kikundi chao kwa miaka miwili, na mimi sikujua. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, tukaanzia RITA, kikapatikana. Hakukuwa na kizuizi kilichobaki. Lakini bado nilikuwa na kinyongo, na usiku ule nilikaa nikajiuliza kwa nini.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Mama ndiye anayemwamsha, anayempikia uji, anayemnyoa kucha, anayekesha naye akipata homa. Naondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia kwa sababu yeye yupo. Siku zote nasema mama "amekuja kupumzika kwangu". Mtu anayepumzika gani anafua nguo za mtoto kila siku?

Niliogopa presha yake, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa Jumatatu asubuhi bila yeye. Nilichukua hofu yangu, nikaivisha koti jeupe la daktari, nikaiita afya ya mama. Na kabla ya hapo ada yangu ya chuo ndiyo iliyosogeza mbele safari yake na baba. Mara mbili nilikuwa mlangoni nimesimama.

Nilimweleza mume wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tutagawana zamu." Mimi nilichukua likizo ya wiki moja, yeye akachukua siku zilizobaki. Mtoto alikula uji uliounguа mara mbili, akavaa viatu vya kushoto na kulia vilivyobadilishana, na hakufa.

Mama na wenzake waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei. Mwezi huo aliuchagua mwenyewe: mwalimu wa jiografia anajua kwamba Zambezi hujaa baada ya mvua, na kwamba ukienda Oktoba upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Kesho yake walipita Makambako. Aliniambia alisimama dirishani kutafuta mahali alipokaa na baba wakiwa vijana, akakuta pamejengwa maduka. Mpakani akanitumia picha: muhuri wa kwanza. Wenzake wawili wamesimama nyuma yake, wanacheka kama wanafunzi waliotoroka darasani.

Kutoka Kapiri Mposhi walichukua basi hadi Lusaka, wakalala, kisha basi jingine hadi mji wa Livingstone. Na asubuhi moja simu yangu ikaita nikiwa nasonga ugali. Sikusikia maneno, nilisikia ngurumo tu. Kisha sauti ya mama, anapiga kelele ili asikike: "Unasikia? Hiyo ndiyo Mosi-oa-Tunya!"

Wenyeji waliyaita hivyo, moshi unaonguruma, kabla David Livingstone hajayapa jina la malkia wake mwaka 1855. Mama alikuwa akiwaambia wanafunzi wake: maporomoko haya yana upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu na kimo cha mita 108. "Namba nilizijua," aliniambia aliporudi. "Lakini sikuwahi kuwaambia watoto kwamba unalowa. Nimekodi koti la mvua, na bado nimelowa mpaka ndani. Nilifundisha moshi, kumbe ni mvua inayotoka chini."

Je, ni kuchelewa? Nilimuuliza hivyo mwenyewe, siku aliporudi, akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nilitaka aniambie hapana, ili moyo wangu utulie. Hakunipa hiyo.

"Kuna vilivyopita," akasema. "Kuna njia ya kushuka mpaka chini kabisa ya korongo, wenzangu wameteremka, mimi nimekaa juu na magoti yangu. Hiyo imepita. Na kwenda na baba yako kumepita. Vilivyobaki ni vingi, lakini usiseme havipungui."

Hilo ndilo jibu nililobaki nalo. Mlango wa dunia haufungwi siku moja kwa sababu mtu ametimiza miaka 60 au 70. Unafungwa kidogo kidogo, na mara nyingine wanaousukuma ni sisi watoto, kwa ada zetu, kwa wajukuu tunaowaachia, kwa maneno yetu ya huruma. Si kila mzazi atafika Zambia. Wengine afya kweli haiwaruhusu, wengine fedha haipo. Lakini kabla hujasema hapana kwa niaba ya mzazi wako, mwache daktari aulize maswali yake, na wewe ujiulize la kwako: ninamlinda yeye, au ninalinda ratiba yangu?

Kama wazazi wako wapo hai, waulize leo jioni walitaka kwenda wapi. Huenda jibu likawa Bagamoyo. Huenda mzee hajawahi kuona bahari.

Pasipoti ya mama sasa inakaa kwenye mfuko uleule wa plastiki, pamoja na ile ya baba. Inadumu miaka 10. Juzi nilimkuta kaketi na mjukuu wake sakafuni, wamegeuza kalenda ya mwaka jana, anamchorea Afrika kwa kalamu ya wino. Alipofika pwani, kidole chake kikateremka taratibu kusini mwa Mtwara.

"Hapa panaitwa Msumbiji," akamwambia mtoto, lakini aliyekuwa anatazamwa ni mimi.