Nilimpa Mzee Dini ya Siku Moja

Kifungu nilikijua. Natanguliza hili kwa sababu kila ninayemdokezea kisa hiki hunitetea kwamba sheria ni nyingi na msaidizi wa kisheria si wakili. Hapana. Sheria ya Viapo, Sura ya 34, iliyotungwa mwaka 1966, haikunipita. Kifungu cha 4 kinamruhusu shahidi asiye na dini, au yule ambaye dini yake inamkataza kuapa, atoe uthibitisho badala ya kiapo, na uthibitisho huo una nguvu ileile. Tena si hao tu. Kwa mujibu wa kifungu hicho kiapo chenyewe kimewekewa Wakristo; wa imani nyingine wote wanathibitisha. Ndiyo maana Mwislamu akitoa ushahidi, hakimu huandika kwamba amethibitisha. Mzee niliyekuwa namwandaa kutoa ushahidi angesimama upande mmoja na majirani zake wengi, na hakuna ambaye angegeuza shingo kumtazama.

Mimi ndiye niliyemwambia aseme ni Mkristo.

Mzee huyo ni fundi wa tairi pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Amezaliwa Vidunda, akabatizwa, akapewa jina la mtume, na kwa maelezo yake mwenyewe Biblia aliisoma yote, ndiyo iliyomtoa kanisani. Hafichi. Vijana wa kijiweni humchokoza makusudi ili aanze. Lakini madereva wa malori wanamwamini kuliko mafundi wengine wote, kwani yuko tayari kukosa hela kuliko kukuruhusu uondoke na tairi bovu. "Kiraka hiki hakifiki Kitonga," atakwambia, na hataziba hata ukimwongezea.

Kijana mmoja wa bodaboda alishtakiwa kwa wizi wa usiku katika nyumba ya wageni. Mzee alikuwa na la kusema: saa hiyo kijana alikuwa amekaa kwenye benchi lake, akisubiri pancha. Mama wa kijana alinijia analia, nikaahidi kuwaandaa mashahidi. Kazi hiyo naipenda. Namwambia shahidi asikilize swali hadi mwisho, ajibu aliloulizwa tu, asikisie, na kama hakumbuki aseme hakumbuki. Hayo yote nilimwambia mzee ndani ya Noah tukielekea mahakamani Kilosa, vumbi likituingia puani. Tulipofika Ulaya (ile kata yetu, si kwa Wazungu) akaniuliza, "Dada, wakiniuliza dini nisemeje?"

Nikamjibu, "Sema Mkristo, baba. Si una jina la Kikristo? Ukisema huna dini watakuandika mpagani, na hakimu atakuona mtu wa ajabu."

Akacheka kidogo. "Kwa hiyo nianze na uongo ndipo niseme kweli?"

"Ni utaratibu tu," nikasema.

Neno hilo, utaratibu, nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Utaratibu ulikuwa upande wake. Tangu sensa ya 1967 serikali yetu haijamuuliza raia dini yake katika kuhesabu watu, na huko kizimbani swali linaulizwa ili ijulikane tu shahidi aape au athibitishe. Jibu la "sina" lina mahali pake palipoandaliwa na Bunge lenyewe. Aliyekuwa hana mahali pa kuliweka ni mimi, mwanakwaya, niliyelelewa kuamini kwamba asiyemcha Mungu hana kinachomzuia kudanganya. Nilikuwa nimekaa kiti kimoja na mtu mkweli kuliko wote ninaowajua, na bado niliona ukweli wake unahitaji kuazimwa nguo.

Alishika Biblia, akaapa, akaeleza vizuri, tena bila kuyumba. Kisha mwendesha mashtaka akasimama. Nyuma yake alikaa mlalamikaji, mtu wa Mikumi, na nilikuwa nimemwona akimnong'oneza.

"Shahidi, unasali kanisa gani?"

Mzee alikaa kimya.

"Mara ya mwisho kusali ni lini?"

"Sisali."

"Unaamini kuna Mungu?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umeiambia mahakama jambo lisilo kweli, na umeliapia?"

Angeweza kusema ni dada yule aliyekaa benchi la nyuma aliyemwelekeza. Alisema, "Ndiyo," akanyamaza. Maswali kuhusu pancha, benchi na saa hayakuulizwa tena. Hapakuwa na haja. Hukumu ilipotoka, hakimu alisema shahidi aliyedanganya kuhusu nafsi yake ni vigumu kumtegemea kwa mengine, na kwa yaliyokuwa mbele yake sina cha kumlaumu. Kijana alifungwa. Wakili mmoja alinifariji baadaye kwamba ushahidi mwingine ulikuwepo, huenda angefungwa tu. Huenda.

Nilipoanza kusoma habari hizi kwa aibu, nilikutana na Charles Bradlaugh, Mwingereza aliyechaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880. Alisema mapema kwamba hana dini, akaomba kuthibitisha, wakamkatalia. Akasema basi ataapa. Wakamkatalia tena, kwa hoja kwamba kiapo cha mtu asiyeamini ni mchezo. Wapiga kura walimrudisha mara kadhaa kabla hajaruhusiwa kuapa na kukaa, mwaka 1886. Miaka miwili baadaye akafanikiwa kupitisha sheria ya kuwaruhusu wasio na dini kuthibitisha, bungeni na mahakamani. Kifungu chetu cha 4 kina sauti ya sheria ile. Mlango uliomgharimu mwenzetu miaka hiyo yote ndio nilioufunga mimi ndani ya Noah, kwa sentensi moja.

Na hilo si baya kuliko yote. Mikumi ilipata somo lake haraka: mnaona, asiye na Mungu hata kiapo hakimshiki. Nililisikia sokoni na nje ya kanisa baada ya ibada, na mara zote nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba uongo ule ulikuwa wangu. Sikusema. Nilimwendea mzee kumwomba radhi. Alikuwa anavua tairi la nyuma la Fuso, akaniambia nilipeleke kosa langu kwa niliyemkosea, yeye anayo kazi.

Niliyemkosea ni mama wa kijana. Mpaka leo anaamini mzee alinunuliwa na mlalamikaji, na hupita upande wa pili wa barabara ili asimsalimie. Mimi hunipa mkono na kunishukuru kwa jinsi nilivyojitahidi. Jumamosi naenda kwake, kabla mtu hajamsomea haya.