Katibu, Angalia Mwezi Kwanza

Mwandishi wa makala haya amestaafu kazi ya kuongoza wazamiaji katika ghuba ya Chole, kisiwani Mafia. Kilichomfanya ashike kalamu ni vikundi anavyoviona vikishuka Utende kwa tarehe zilizopangwa na mtu ambaye hakuuliza maji yatakuwaje siku hiyo.

Utotoni alipitia chuo cha Kurani, shule ya msingi, kuchokoa pweza miambani maji yakitoka, kisha kubeba mitungi ya hewa ya wageni. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 822, yeye alikuwa miongoni mwa vijana walioingia kwenye boti za wazamiaji.

Aliyemfunza kazi hasa hakuwa mwalimu wa kuzamia. Alikuwa nahodha mzaliwa wa Chole, mzee ambaye hakuwahi kuvaa mtungi maishani mwake. Chini ya ubao wa shetri aliweka kalenda ya miezi ya Kiislamu ndani ya mfuko wa nailoni, na kila siku ya mwandamo na ya mwezi mpevu aliizungushia wino mwekundu. Klabu ikiomba nafasi, yeye aliuliza: "Itakuwa mwezi ngapi?", yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame.

Alikuwa na sababu. Maji ya bahari kuu huingia na kutoka ghubani kwa mlango wa Kinasi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Maana yake asubuhi yanatoka mpaka kama saa nne, kwa nguvu, na mzamiaji aliye mlangoni huchukuliwa nje. Maji mafu, mwezi nane au tisa hivi, ni kinyume chake: asubuhi yanajaa, mkondo ni wa pole, unaingia ndani na kuleta maji maangavu.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao mwandishi hajausahau. Klabu moja ya mjini ilitaka kuja Idi ya Fitri, maana ofisi zimefungwa. Nahodha akawapelekea salamu: Fitri ni Shawwal mosi, mwezi ndiyo kwanza umeandama, bamvua haliepukiki, njooni Idi ya Hajj, mwezi kumi, maji yamepoa. Katibu akajibu kwamba wanachama wameshalipa.

Wakaja. Asubuhi ya kwanza walikaa ufukweni na mavazi yao ya kuzamia, na mzee akakataa kuwasha injini hadi saa nane mchana, maji yalipokuwa yakijaa. Wakazamia mara moja badala ya mbili. Katibu aliondoka akimwita mzee mvivu, na neno hilo likaenea. Mwandishi alikuwepo, na msimamo wake haujabadilika: mzee alikuwa sahihi, na kila aliyekwenda kumlalamikia alirudi kwao mzima.

Vijana mnaopanga safari za klabu, sikilizeni! Mkishaangalia mwezi, angalieni pepo: kusi likivuma, nje ya ghuba huchafuka, anayetaka kumwona papa potwe upande wa Kilindoni aje kati ya Oktoba na Februari. Kisha kagueni vyeti. Mwenye cheti cha mwanzo kikomo chake ni mita 18, aliyepanda daraja ni mita 30. Msiwaweke kundi moja kwa sababu tu ni marafiki. Kila mmoja atoke majini mtungi ukiwa bado na baa 50.

Ndege huja mwisho. Aliyezamia mara kadhaa apumzike nchi kavu angalau saa 18 kabla ya kuruka, hata kwa ndege ndogo ya kwenda Dar es Salaam. Mwandishi ameona ratiba yenye kuzamia asubuhi na ndege alasiri, ili kuokoa pesa ya chumba cha usiku mmoja. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutengeneza viputo shinikizo la hewa likishuka, na viputo hivyo vinaweza kumpoozesha mtu. Hakuna bei ya chumba inayofikia hasara hiyo.

Nahodha ameshafariki. Kalenda kama yake bado zinapatikana misikitini na madukani. Katibu anayepanga safari ya mwakani aitafute moja na kuisoma kabla hajakata tiketi hata ya mtu mmoja.