Isambaza wa Kamembe: Mahali pa Kuwalia na Jina la Kuwaitia

Mgeni afikapo Kamembe, mji ulio kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, hachelewi kuuliza ni wapi atapata isambaza wazuri. Swali hilo ni la haki kabisa. Sisi tunaofundisha lugha katika wilaya hii ya Rusizi, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, tumeulizwa mara nyingi na walimu wenzetu watokao mbali, hata tukaona yafaa tulijibu kwa maandishi. Jibu letu lina sehemu mbili. Ya kwanza yahusu ulimi wa kuonjea na ya pili yahusu ulimi wa kusemea. Tutaanza na ile ya kwanza, maana mwenye njaa hafundishiki.

Isambaza ni samaki mdogo, mwembamba, wa rangi ya fedha, ambaye urefu wake aghalabu haupiti kidole cha mtu mzima. Hatumbuliwi wala hakatwi kichwa. Huoshwa, hutiwa chumvi, hukaangwa katika mafuta mengi hadi akauke na kulia mdomoni, kisha hukamuliwa ndimu na kuliwa mzima pamoja na mifupa yake. Wengine humla kwa ugali wa muhogo, wengine kwa ndizi za kukaanga, na wengine kwa wali wa mchele unaolimwa katika bonde la Bugarama, humu humu wilayani. Pilipili haikosekani mezani.

Ni vigumu kuamini kwamba chakula hiki, ambacho leo kinahesabiwa kuwa cha asili ya Kivu, ni kigeni. Ziwa letu lina kina cha mita 485 hivi, lakini samaki hawawezi kuishi chini ya mita 70 kwa sababu maji ya huko hayana oksijeni na yamejaa gesi. Kwa karne nyingi hata maji ya juu ya katikati ya ziwa yalikuwa matupu. Samaki waliokuwapo walikaa karibu na ufuko. Samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda wenyewe, maana Mto Rusizi, utokao Kivu hapa hapa Cyangugu, huteremka karibu mita 700 kwa maporomoko kabla ya kufika ziwa lile la kusini. Basi kati ya mwaka 1958 na 1960 wataalamu wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji walichukua vifaranga vya samaki wadogo wa Tanganyika wakavimwaga Kivu. Aina mbili zilichanganyika katika shehena hizo. Moja ilitoweka. Ya pili, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ilizaana na kulijaza ziwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na kweli, wenyeji wamepona kwa mgeni huyu.

Uvuvi wake hufanywa usiku. Jua likielekea kuzama, mitumbwi mitatu iliyofungamanishwa kwa miti mirefu huondoka ufukoni, wavuvi wakipiga makasia kwa nyimbo. Wafikapo kilindini hushusha wavu mpana na kuwasha taa juu yake. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri zimeenea. Isambaza hufuata mwanga, hukusanyika juu ya wavu, na wavu hupandishwa. Alfajiri mitumbwi hurudi, na akina mama wenye ndoo na mabeseni huwa wamekwisha kusimama majini wakingoja.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona mwenyewe jinsi ya kutambua mahali pazuri pa kula. Isambaza haungoji mtu. Aliyetoka majini alfajiri ni mtamu saa sita mchana. Jioni, kama hakuwekwa penye baridi, tumbo limekwisha kupasuka na uchungu umeingia. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye mkahawa si bei, bali ni saa. Asiyejua samaki wake walifika saa ngapi, na tumwage kwa adabu. Jambo la pili ni mafuta. Mafuta meusi huficha samaki mbaya na humharibu samaki mwema. Yafaa mtu aketi mahali ambapo jiko linaonekana.

Jambo la tatu hulijua wachache: ni lazima kutazama mwezi. Katika usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hupungua nguvu, kwa kuwa ziwa lote linang'aa na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Mavuno huwa haba na mabaki ya jana huuzwa kwa jina la leo. Mgeni mwenye hiari aje mwezi ukiwa mchanga. Tena ajue kwamba kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda wa miezi kama miwili ili samaki wazaane. Atakayeahidiwa isambaza wa asubuhi katika miezi hiyo na ashuku. Hoteli moja ya fahari, ambayo hatutaitaja, ilituandalia isambaza wa namna hiyo juu ya kitambaa cheupe, na sahani zilirudi jikoni zimejaa kama zilivyokuja. Kinyume chake, katika vibanda vya njia iteremkayo kutoka Kamembe kwenda mji wa kale wa Cyangugu, ambako wapagazi na akina mama wafanyao biashara na Bukavu hula wamesimama, tumekula vizuri kwa miaka mingi.

Wanafunzi wetu wakubwa, ambao wamesoma habari za Ujapani, hupenda kutuuliza kama isambaza wasingeweza kuliwa wabichi kama sushi. Swali hilo lafaa kujibiwa kwa makini, kwani lina kosa la lugha ndani yake. Wengi hudhani sushi maana yake ni samaki mbichi. Sivyo. Sushi ni wali uliotiwa siki, na juu yake huwekwa samaki, yai au mboga. Samaki mbichi pekee huitwa sashimi. Asili ya chakula hicho ilikuwa kuhifadhi: samaki alishindiliwa katika wali hadi wali uchachuke, kisha wali ukatupwa na samaki akaliwa. Kula vyote pamoja kulikuja baadaye. Ama kuhusu isambaza, jibu letu ni la hasha. Samaki wa maji baridi aweza kubeba minyoo inayomdhuru mlaji, na moto ndio kinga yetu. Lakini katika shuruti moja Mjapani na mtu wa Kamembe ni ndugu: wote wawili hupima mlo kwa muda uliopita tangu samaki atoke majini.

Tena sushi inatufundisha jambo jingine, nalo latuingiza katika sehemu ya pili ya jibu letu. Chakula hicho kimezunguka dunia nzima na kila mahali kimekwenda na jina lake. Hakuna aliyekiita wali wa siki. Je, isambaza wetu atakwenda darasani kwa jina gani?

Tangu mwaka 2017, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, jambo hili limepata uzito. Kiswahili hakikuingia Kamembe kwa sheria hiyo. Kilikuwapo sokoni na darajani muda mrefu kabla yake. Mtoto wa hapa humsikia mama yake akinunua:

«Mama, sambaza ya leo iko?»

«Iko, mama wa watoto. Ilitoka mu maji asubui. Unataka ya beyi gani?»

Mtoto huyo akiandika katika insha yake kwamba nyumbani walikula sambaza, mwalimu mmoja humkata alama. Hoja ya mwalimu huyo ni kwamba sambaza ni kitenzi chenye maana ya kueneza, na kwamba samaki wadogo huitwa dagaa. Tumewasikia walimu wenzetu wema wakilitetea jambo hili kwa nguvu, nasi tunaheshimu juhudi yao ya kulinda usanifu. Hata hivyo hatukubaliani nao.

Neno dagaa ni pana mno. Dagaa wa Kigoma ni samaki wa Tanganyika. Dagaa wa Mwanza ni wa jamii nyingine kabisa, yule ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda mukene. Dagaa wa pwani hutoka baharini. Katika soko la Kamembe penyewe, samaki wadogo waliokaushwa waletwao kutoka maziwa mengine huitwa indagara, na hakuna mchuuzi awezaye kuwachanganya na isambaza. Mtoto aliyeandika sambaza amesema jambo la hakika kuliko mwalimu aliyemsahihisha. Kuhusu kufanana na kitenzi, tunauliza: paa la nyumba, paa wa porini na ndege kupaa vimemshinda nani? Ngeli huondoa utata wote. Tuseme isambaza huyu, isambaza hawa, kama tusemavyo kuhusu wanyama wengine, na mwanafunzi hatapotea.

Kuna tofauti kati ya sentensi na jina. Sentensi ya sokoni ni kazi yetu kuinyoosha: mwanafunzi na afundishwe kuandika «walitoka majini asubuhi», kwa kuwa kwa njia hiyo ataeleweka Mombasa na Tabora. Lakini jina la kitu ambacho hakipatikani Mombasa wala Tabora, nani atalijua zaidi ya mwenye kitu? Mtoto anayekatwa alama kwa jina la chakula cha mama yake hujifunza kwamba Kiswahili kinakaa mahali pengine, mbali na nyumbani kwao. Tukishamfundisha hilo, kazi yetu yote iliyobaki itakuwa ngumu.

Basi tunawaomba walimu wenzetu wanaosahihisha insha za watoto wa Rusizi walikubali neno hili. Nao watakaotutembelea Kamembe tunawaomba wafike mapema, mwezi ukiwa mchanga, wamwulize mama wa kibandani: «Isambaza wako walifika saa ngapi?» Akijibu bila kusita, waketi.