Ngomeni: Kutoka Jela hadi Makumbusho

Bibi yangu alizaliwa na kuzeekea Mji wa Kale, Mombasa, lakini Ngomeni, yaani Fort Jesus, hakutia mguu. Tulipombembeleza twende naye, alijibu, "Huko wamefungwa watu, mwanangu. Nendeni nyinyi." Kwa watu wa rika lake, Fort Jesus ilikuwa jela. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na wafungwa hawakuondolewa mpaka 1958, ilipotangazwa kuwa turathi na kuanza kutengenezwa iwe makumbusho.

Sisi tulipelekwa na shule. Mwalimu alitusomea, tukaandika: ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kisha tukakimbilia mizinga, tukaipanda, tukarudi nyumbani. Niliamini kwamba pale pametajwa Wareno, Waarabu na Waingereza, ila sisi wenyewe hatumo.

Imani hiyo ilinitoka ukubwani, nilipoanza kwenda peke yangu, bila haraka. Mbele ya plasta iliyochorwa na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu, nilisimama muda mrefu. Wamechora merikebu, samaki, watu, hata kinyonga. Kumbe wenye ngome nao walikuwa vijana waliochoka, wakipitisha siku kwa kuchora ukutani.

Nikasoma zaidi, nikawakuta na watu wetu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na Wareno na kubatizwa, aliwageukia walezi wake, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Waomani walipoizingira, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani. Kapteni wao alipofariki, aliyeshika uongozi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, akiwa na watu wake wa Pwani. Watu wetu walikuwamo katika habari za kuta zile siku zote, wengine wakiilinda ngome na wengine wakiivamia.

Leo watoto wa Mombasa huingia wakicheka mahali ambapo bibi aliogopa hata kupita. Tangu 2011 ngome imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nafurahi, lakini kuna sehemu ya habari inayotuponyoka. Ya Wareno yameandikwa vitabuni. Ya wafungwa na jamaa zao, waliowapelekea chakula na waliowangoja nje, yamebaki vifuani mwa wazee. Bibi aliondoka na yake kabla sijamuuliza jina hata la mmoja aliyefungwa.

Aliyekuwa na miaka kumi jela ilipofungwa, leo ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Ukiwa naye nyumbani, mkalishe, muulize, andika anayokwambia, kisha mpeleke mwanao Ngomeni mkayasome mkiwa pale pale.