Jina Lililobaki Bila Samaki

Jua lilikuwa linatua nyuma ya Jiwe la Bismarck, jijini Mwanza, mwanangu aliponiuliza: "Baba, furu ni samaki gani?"

Nilinyoosha mkono kuelekea ziwani, nikaurudisha. Ningemwonyesha nini?

Furu hakuwa samaki mmoja. Walikuwa mamia ya aina, kila mwamba na wake: mwekundu, wa manjano, wa buluu iliyokolea. Bibi yangu aliwaanika juu ya mawe yakiwa ya moto. Jua lilifanya kazi yote, wala halikudai ujira.

Kisha akaja sangara. Alitiwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, kwa tamaa ya samaki wakubwa. Miaka ya 1980 akafurika katika Ghuba ya Mwanza, akiwameza furu. Wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Na kwa kuwa sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi. Alitaka moshi, na moshi ukataka kuni. Ziwa lilipopoteza furu, vilima navyo vikapoteza miti.

Viwanda vikajengwa. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukakaanga mapanki, mifupa iliyobaki.

Lakini ada yangu ya shule ilitoka kwenye nyavu za sangara. Nimlaani vipi aliyenisomesha? Na nikimshukuru, nawaambia nini waliomezwa ili mimi nijue kusoma?

Tani zilizosafirishwa zilihesabiwa. Furu aliandikwa katika daftari gani? Hakuwa na bei. Je, asiye na bei hufa, au huachwa tu kutajwa?

Siku hizi tunausikia uchumi wa buluu. Vizimba vya sato vinaelea karibu na ufuko, na pengine ni heri. Najiuliza tu: tutajifunza lini kuhesabu kisichouzwa?

Baadhi ya furu wamerudi tangu miaka ya 1990. Wengine wamerudi na matamvua mapana zaidi, kwa kuwa maji ya chini yamepungukiwa na hewa. Hata kurudi kuna gharama yake. Ni wale wale? Na bibi angewatambua?

Mtoto alikuwa bado anasubiri. Nikamwambia furu alikuwa mdogo, wa kuenea kiganjani mwake.

Hilo tu ndilo nililokuwa na hakika nalo.