Nilitoka jikoni kwa bibi, Simiyu, nikiwa na macho mekundu

Ukitoka Mwanza kwa basi kuelekea Musoma unapita Magu, unapita Nyashimo, na ukifika Lamadi unakata kulia kwenda Bariadi. Hapo ziwa linabaki nyuma, na mbele yako kuna anga, mashamba na ng'ombe. Nilipita njia hiyo mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshachumwa. Karibu kila kaya niliyoiona kupitia dirishani ilikuwa na rundo jeupe la pamba juu ya turubai, na pembeni yake rundo la miti ya pamba iliyong'olewa shambani. La kwanza nilijua ni la kuuza. La pili sikujua ni la nini mpaka nilipoingia jikoni.

Nilikuwa nimekwenda kuandika habari nyingine kabisa, ya chanjo za watoto. Kijiji sitakitaja, na sababu utaiona mbele. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni ya zahanati alinikaribisha kwake nile kabla ya kurudi mjini. Tulipofika, mama mkwe wake alikuwa jikoni anapika ugali. Nilimsalimia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwangaluka, mayu," akacheka, akanivutia kigoda. Adabu ilinitaka niketi. Nikaketi.

Jiko lenyewe ni kijumba cha udongo kilichoezekwa nyasi, hatua chache kutoka nyumba kubwa. Mlango mmoja, tena mfupi. Dirisha hakuna. Mafiga matatu katikati, na chini ya sufuria miti ya pamba ikiwaka haraka kama karatasi. Kila ilipokaribia kuisha, bibi aliongeza vipande vya mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambavyo haviwaki kwa haraka ila vinafuka. Moshi ulikuwa mzito, wa rangi ya maziwa yaliyochujuka, na ulining'inia kuanzia usawa wa kifua changu kwenda juu. Mjukuu wa miezi kama minane alikuwa mgongoni kwa bibi, amefungwa kanga, amelala.

Nilivumilia kama dakika ishirini. Nilipotoka, mtoto mwingine wa pale nyumbani, wa darasa la pili hivi, alinitazama akaangua kicheko. "Dada ana macho ya bibi!" Nikatoa simu, nikawasha kamera ya mbele nijiangalie. Ni kweli. Macho yangu yalikuwa mekundu, yamevimba, yanatiririka machozi.

Wakubwa waliokuwa uani hawakucheka. Mama wa mtoto alimkemea, tena kwa ukali kuliko kosa lenyewe lilivyostahili. Baadaye, tukiwa wawili njiani kuelekea stendi ya pikipiki, aliniambia kwa nini. Mwaka juzi mtoto wa jirani alifariki. Aliugua siku tatu, akipumua kwa shida. Kwenye msiba watu wakaanza kunong'ona kuhusu macho ya mama mkwe wake. Walikwenda hadi kuhamisha ng'ombe zao zisipite mbele ya nyumba yake. Tangu hapo bibi hafungui mlango baada ya jua kuzama, hata akisikia sauti anayoifahamu.

Aliyekulia Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa zaidi. Katika nchi ya Wasukuma, macho mekundu ya kikongwe yameshawahi kuwa hukumu ya kifo. Wazee, wengi wao wanawake, wameuawa kwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo katika ripoti zake. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna shamba la urithi. Lakini uvumi unahitaji ushahidi wa kuonekana, na ushahidi unaotajwa sana ni huo wa macho.

Basi mimi nilikuwa nimesimama pale, mhitimu wa chuo, nina ushahidi huo huo usoni, niliupata kwa dakika ishirini.

Nilipiga hesabu kwenye basi wakati wa kurudi. Tuseme bibi alianza kupika akiwa na miaka kumi, na sasa ana sabini. Tuseme anakaa jikoni saa tatu tu kwa siku, ambazo ni chache. Kwa mwaka ni saa 1,095. Kwa miaka 60 ni saa 65,700. Hiyo ni sawa na kukaa ndani ya moshi usiku na mchana kwa miaka saba na nusu bila kutoka. Mume wake, kama wanaume wengi wa rika lake, alitumia muda huo machungani na shambani. Ndiyo maana macho mekundu hutafutwa kwa bibi, si kwa babu.

Moshi wa kuni tu unatosha kuwasha macho. Wa mavi ya ng'ombe ni mbaya zaidi, kwa sababu unatoa joto dogo na chembechembe nyingi. Mishipa midogo iliyo kwenye sehemu nyeupe ya jicho huvimba kila siku, na ikivimba kila siku kwa miongo kadhaa hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Vumbi, upepo na jua kali la Simiyu huongezea, na mara nyingine huotesha kinyama kwenye pembe ya jicho.

Lakini kwa nini mtu apikie mavi ya ng'ombe? Hapa nilipata jibu ambalo sikulitarajia: mbung'o.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Enzi za ukoloni, eneo kubwa la Shinyanga lilikatwa misitu kwa makusudi, ili mbung'o wanaoambukiza malale na nagana wakose kivuli cha kuishi. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka. Kisha ikaja pamba, nayo ikataka ardhi iliyo wazi. Miti iliyobaki ikaondoka. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulifufua utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa kutenga malisho, ngitili, ili miti iote tena. Ngitili zilirudisha miti mingi na mradi huo unasifiwa hadi leo. Hata hivyo, mwanamke asiye na ngitili karibu na kwake bado ana vitu viwili vya kuwashia moto ambavyo havinunuliwi: mabaki ya pamba na zizi la ng'ombe.

Kwa hiyo tuliondoa miti ili kuwafukuza wadudu waliokuwa wakitudhuru, na wajukuu wa waliofanya kazi hiyo wanawaogopa bibi zao kwa sababu ya moshi uliofuata. Nilipomweleza hivyo mganga wa zahanati aliyekuwa akinipa data za chanjo, alitikisa kichwa akasema, "Hujamaliza. Muulize huyo mtoto wa jirani alikufa na nini."

Alikuwa na maana hii. Mtoto aliyeugua siku tatu akipumua kwa shida, kwa dalili zile, pengine alikuwa na nimonia. Na moshi wa jikoni ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya nimonia kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vinavyotokana na nimonia huhusiana na hewa chafu ya ndani ya nyumba. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na muda wote yupo mgongoni au karibu na mafiga.

Yaani moshi uleule ulioyafanya macho ya bibi kuwa mekundu ndio unaoweza kumwangusha mtoto. Watu wameona vitu viwili vya kweli, macho mekundu na kifo cha mtoto, na wamekosea kimoja tu: kilichoviunganisha. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa na sijawahi kukutana na kosa la kuunganisha lililo karibu na ukweli kiasi hicho, na lenye madhara kiasi hicho.

Kwa mzazi unayesoma hapa, iwe uko Bariadi au Tegeta, simu uliyoishika ina kifaa cha kupima kinachohitajika. Mtoto akikohoa au kuwa na homa, msubiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Fungua saa ya simu, mfunue kifua, hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukipata idadi hizo nenda zahanati siku hiyohiyo. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kwa ndani akivuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea, usisubiri kuche. Nimonia nyingi za watoto zinatibika kwa amoksilini, dawa ya kawaida kabisa, mradi mtoto afike mapema. Na chanjo ya kuzuia aina kubwa ya nimonia inatolewa nchini bure tangu mwaka 2013, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ndiyo habari niliyokuwa nimetumwa kuandika.

Kuhusu moshi wenyewe sitakudanganya kuwa kuna dawa moja. Mashirika yameshajaribu. Kule Magu, shirika la wazee la MAPERECE lilikuwa likifundisha kujenga majiko yasiyotoa moshi mwingi kama sehemu ya kuwalinda vikongwe, na naliona wazo hilo kuwa la akili kuliko semina nyingi nilizohudhuria: badala ya kubishana na mtu kuhusu uchawi, unaondoa kile anachokiita ushahidi. Jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje huyapumzisha macho. Kwa mapafu ya mtoto hali si rahisi hivyo. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini Malawi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2016, uliwapa familia majiko yanayowaka vizuri zaidi na haukuona nimonia ikipungua kwa watoto. Jiko zuri ndani ya kijumba kisicho na dirisha bado linaacha moshi mwingi mno. Gesi ingepunguza sana moshi, na Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ila mtungi ukiisha mahali ambapo pesa inaonekana mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza pamba, ng'ombe bado wapo zizini na mavi yao ni ya bure.

Kinachowezekana leo ni kidogo lakini si bure kukifanya. Mtoto abaki nje na mtu mwingine wakati wa kupika. Pika nje kukiwa kukavu. Toboa ukuta juu, karibu na paa, moshi upate njia. Kausha kuni na mavi vizuri, kwa sababu kikiwa kibichi moshi huzidi.

Na bibi mwenyewe apelekwe kupimwa. Macho mekundu si moshi tu kila wakati. Linaweza kuwa tatizo la vikope, trakoma, ambapo kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Wanawake hupofuka kwa ugonjwa huo hadi mara nne zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto, na watoto ndio wanaoubeba. Anaweza pia kuwa na mtoto wa jicho, ambao upasuaji mfupi huuondoa. Kitu cha kutomfanyia ni kumwekea majani au dawa ya kienyeji jichoni.

Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Nilimuuliza mama yule kama aliwahi kufikiria kwenda polisi wakati wa minong'ono ile. Alisema ungemshtaki nani, minong'ono haina jina.

Kabla sijaondoka nilimwambia bibi, kupitia kwa mkwewe aliyekuwa akitafsiri, kwamba angetoa mafiga nje, chini ya mwembe. Akaniuliza masika ikinyesha apikie wapi, na upepo wa mwezi wa nane ukipeperusha cheche kwenye nyasi za paa nani atazima. Sikuwa na jibu. Mkwewe aliingia jikoni akiwa ameshika jembe, akapima kwa macho, kisha akagonga ukuta wa udongo juu ya mlango mpaka ukatoka kipande cha ukubwa wa sahani. Moshi ukaanza kutoka, polepole, ukipita kando ya nyasi. Bibi akauangalia, akasema neno moja kwa Kisukuma. Nikauliza amesema nini.

"Anasema toboa na upande wa pili."